Shingo iliyoumia ajalini haikandwi, inapimwa

OKTOBA 22, 2020 Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1-0 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Msimu ule Wajelajela hao wa Mbeya walikuwa wamehamishia mechi zao za nyumbani mkoani Rukwa. Mechi kubwa ikipigwa pale, mashabiki wanatoka Laela, Mpui, Matai na Namanyere. Wenye nauli wanapanda basi au Noah, wengine wanabanana kwenye Canter, na vijana wanabebana mshkaki kwenye bodaboda.

Kwenda uwanjani kuna mipango. Tatizo liko kwenye kurudi. Giza limeingia, baridi ya Ufipa inauma, dereva ana haraka na abiria bado wanabishana kuhusu bao. Pikipiki ikiteleza au gari likifunga breki ghafla, mtu anaanguka, anainuka, anajipangusa vumbi. Akiona hakuna damu wala mfupa uliochomoza, anasema, “Niko poa,” na safari inaendelea.

Kesho yake asubuhi shingo haigeuki.

Hapo ndipo makosa yanapoanza. Mzee mmoja mtaani anasifika kwa kunyoosha viungo. Anapaka mafuta ya moto, anashika kichwa, anavuta, anakunja hadi kitu kialike “ka!” Watu wanashangilia kama wameona bao. Wiki kadhaa baadaye jamaa bado hawezi kugeuka kuangalia nyuma akiendesha baiskeli, kichwa kinamgonga, usiku halali. Wapo wanaoanza kunong’ona kwamba amerogwa.

Soka ina somo la zamani kuhusu hili. Mei 5, 1956, kwenye fainali ya Kombe la FA pale Wembley, kipa wa Manchester City, Bert Trautmann, aligongana na mshambuliaji wa Birmingham City zikiwa zimebaki kama dakika 17. Hakutoka. Alidaka hadi mwisho akiwa ameshika shingo, City ikashinda 3-1. Mwanzoni hakuna aliyeona jambo kubwa. Siku chache baadaye picha ya eksirei ilionyesha kwamba shingo yake ilikuwa imevunjika. Mtu aliyepanda jukwaani kuchukua medali alikuwa amenusurika kifo. Alikaa nje miezi kadhaa, akatibiwa ipasavyo, akarudi langoni na kuidakia City hadi 1964.

Kinachowapata wengi si kuvunjika kama kwa Trautmann. Kichwa kinaporushwa mbele na nyuma kwa nguvu, misuli na kano za shingo zinavutika na kuchanika kidogo. Maumivu yanaweza kuchelewa saa kadhaa au hata siku nzima, na yanaweza kuja na kichwa kuuma au kizunguzungu. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Lakini wapo ambao maumivu yanagoma kuondoka, na hao ndio wanaotendewa isivyo haki.

Shabiki wa namna hii anafika hospitali, anapigwa picha, anaambiwa mifupa ni mizima, anapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Akirudi mwezi unaofuata akilalamika, anaonekana mdeko, kama mchezaji anayejirusha kwenye boksi kutafuta penalti. Eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi vizuri misuli, kano wala neva. Mwamuzi asipoliona tukio haina maana halikutokea, na picha safi si ushahidi kwamba mgonjwa anaigiza.

Ndiyo maana mkandaji anapata wateja. Yuko karibu, bei yake inajulikana, na zaidi ya yote anamsikiliza mgonjwa. Kumlaumu anayekwenda kwake bila kuuliza hospitali ilimpa nini ni kukwepa hoja. Hata hivyo, hatari ipo palepale: shingo ambayo haijapimwa ikivutwa na kukunjwa, pingili iliyolegea inaweza kusogea na kubana uti wa mgongo. Hapo mtu aliyefika kwa mkandaji akitembea anaweza kuondoka amebebwa.

Tiba sahihi ina mpangilio wake, na huanzia barabarani. Aliyeanguka akilalamika shingo hakalishwi, hanyanyuliwi kwa kwapa, wala hawekwi katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Analala pale alipo, mtu mmoja anashikilia kichwa kisiyumbe, na anahamishwa juu ya machela au ubao ulionyooka, kichwa na mwili vikienda pamoja. Hospitalini daktari anampima nguvu na hisia za mikono na miguu, kisha anaamua kuhusu picha.

Ikithibitika kwamba hakuna kilichovunjika, kola ya shingo isigeuzwe vazi la miezi. Ikikaa muda mrefu, misuli inadhoofika. Kinachosaidia ni dawa za kutuliza maumivu kwa maelekezo ya daktari, kurudia shughuli taratibu na mazoezi anayoyasimamia mtaalamu wa fiziotherapia. Mchezaji aliyechanika msuli wa paja hapewi vidonge tu na kuambiwa asubiri. Anapewa programu ya wiki hadi wiki, na shingo ya mwananchi inastahili hivyo hivyo.

Zipo dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki: mkono au mguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu, kuyumba wakati wa kutembea, kushindwa kuzuia haja, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hizo ni za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yakiendelea kwa wiki kadhaa bila nafuu, mgonjwa ana haki ya kurudi, kueleza upya na kuuliza kuhusu rufaa. Kutoka Sumbawanga, hospitali ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Kwa mkulima wa mahindi hiyo ni safari ya kuuza gunia kadhaa, kwa hiyo barua ya rufaa na nakala za vipimo visikosekane mfukoni.

Kuna karatasi nyingine inayosahaulika, fomu ya polisi ya PF3. Sheria inataka chombo cha moto kinachotembea barabarani kiwe na bima, na aliyeumizwa anaweza kudai fidia. Madai hayo yanasimama kwa taarifa ya polisi na ripoti za daktari. Aliyekwenda moja kwa moja kwa mkandaji, miezi sita baadaye hana cha kuonyesha zaidi ya shingo iliyokakamaa.

Ajali za timu zinaonekana. Basi la Polisi Tanzania lilipopata ajali Julai 2021, mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu, nchi nzima ilijua. Basi la Dodoma Jiji lilipoacha njia huko Kilwa Februari 2025, mechi yao na Simba iliahirishwa. Shabiki akianguka njiani akirudi Laela, ligi inaendelea kama kawaida.

Basi angalau matawi yaanze. Tawi linalochangishana nauli ya kufuata timu na rambirambi za msiba haliwezi kushindwa kumchangia mwanachama nauli ya kwenda kliniki Mbeya. Chama cha soka cha mkoa na waandaaji wa ndondo wahakikishe kila uwanja una machela na watu wawili waliofundishwa kushika majeruhi wa shingo. Serikali inapopeleka kambi za madaktari bingwa mikoani, wa mifupa na wa fiziotherapia wawemo.

Wenyeji husimulia kwamba jina Sumbawanga lina maana ya kutupa uchawi. Mji wenye jina hilo hauna sababu ya kumwacha kijana aliyegongwa na Canter aambiwe amerogwa. Apelekwe akapimwe, na akirudi mara ya pili akisema bado inauma, aaminiwe.