Acheni Kusingizia Pampu

Wasee, tuambiane ukweli. Pikapu mzee ya diseli ikisumbua kuwaka asubuhi, halafu izime barabarani, mtaani jibu ni moja: "Pampu imeisha." Nani amepima? Hakuna.

Huo si ufundi, ni kubahatisha na pesa za wenyewe. Na mwenye pikapu mara mingi ni mtu wa kubeba mboga kwenda soko saa kumi usiku. Gari ikilala, deni haliilali.

Diseli haina plagi za moto kama petroli. Inataka hewa ikandamizwe mpaka ipate moto, na mafuta yasiyo na hewa ndani. Basi anzia hapo. Bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha piga stata. Imewaka mara moja? Kuna paipu inavuta hewa, na usiku mafuta yanarudi tangi. Weka paipu ya kuonyesha ndani kati ya filta na pampu. Ukiona mapovu, umemshika mwizi.

Inasumbua ikiwa baridi tu, na moshi mweupe? Pima hita plagi. Inakosa nguvu mlimani halafu inazima? Filta imeziba. Inazima ghafla kama umetoa funguo? Kagua waya wa solenoidi kwa pampu.

Hizo zote ni bei rahisi kuliko pampu. Fundi akitaja pampu kabla ya kupima, muulize amejuaje. Akikosa jibu, chukua funguo zako ujitoe.