Zawadi ya Sikukuu Iwe Kikapu
Krismasi inabisha hodi, na wengi wetu bondeni Kilombero tunawaza tumpelekee nini mama, shangazi au mwalimu wa watoto. Rai yangu ni moja: mpe kikapu cha ukindu. Tangu 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, kikapu kimerudi sokoni kwa heshima zake, tena siku hizi kinatiwa bitana ya kitenge, zipu na mikanda ya ngozi. Anayependa mkoba wa kitambaa asiende mbali. Ifakara wapo akina mama wanaofuma pamba kwa mitambo ya mkono. Ila tukumbuke jasho la kikapu: ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa na kutiwa rangi, ndipo usukwe ukili unaoshonwa mzunguko kwa mzunguko. Ni kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Namawala uliyeuza mpunga, agiza mapema, lipa bei aliyotaja msusi, wala usimkandamize. Zawadi hiyo itafurahisha nyumba mbili: ya anayepokea na ya aliyeisuka.