Ukifika Japani mara ya kwanza, usiishie Kyoto

Juma lililopita mama mmoja mkimbizi wa ndani alinisimamisha kwenye mlango wa redio. Kijana wake amepata masomo ya miezi michache Japani, na siku za likizo anataka kutembelea miji ya zamani. «Mwanangu, wewe unasomaka sana. Umwambie aone nini huko.»

Mimi sijafika Japani. Lakini nina maoni yangu, na hayafanani na yale ya wauza safari.

Wao wanaanza na Kyoto, na si vibaya. Ulikuwa mji mkuu tangu mwaka 794 hadi karne ya 19, na mahekalu yake ni mengi kuliko siku za likizo. Aende asubuhi na mapema, watu hawajajaa. Avue viatu anapoombwa. Katika kata ya Gion kuna vichochoro vya watu binafsi ambamo watalii wamekatazwa kuingia, kwani wakaaji walichoka kusumbuliwa na wapiga picha kwenye milango yao. Ninyi mliokaa kambini mnaelewa jambo hilo bila kuelezwa.

Asidhani tu kwamba kila anachokiona ni cha zamani. Kinkaku-ji, lile jumba la dhahabu, lilichomwa moto mwaka 1950, likajengwa upya mwaka 1955. Kule Nara, karibu na Kyoto, jumba la Buddha mkubwa liliteketea katika vita mwaka 1180, na tena mwaka 1567. Lile linalosimama leo lilikamilika mwaka 1709. Hesabu mwenyewe miaka waliyongoja.

Lakini mtoto wa Kongo akiishia hapo, nitamlaumu. Kutoka Kyoto, treni ya haraka inafika Hiroshima chini ya saa mbili. Bomu lililoangushwa pale tarehe 6 mwezi wa nane 1945 lilitengenezwa kwa urani, na sehemu kubwa ya urani ya mpango ule wa Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga. Mwaka 1940 kampuni ya Wabelgiji ilikwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Babu zetu waliyachimba bila kuambiwa ni ya kazi gani. Hadi mwisho wa mwaka 1945, inakadiriwa watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima.

Kyoto nao ulikuwa kwenye orodha ya kupigwa. Waziri wa vita wa Marekani, Henry Stimson, ndiye aliyeuondoa. Kwa hiyo anayepiga picha Kyoto na kurudi nyumbani ameona nusu ya habari.

Mwenzangu wa kazi alinipinga: mtoto ametoka katika vita, kwa nini umtume kuangalia vita tena? Neno lake lina uzito. Kama moyo unakataa jumba la makumbusho, asiingie. Atembee katika bustani ya amani kando ya mto, akijua kwamba zamani palikuwa kata yenye nyumba, maduka na watoto wa shule. Atafute miti iliyoungua siku ile na ikachipuka tena; imewekewa vibao. Kisha apande tramu. Siku tatu tu baada ya bomu, tramu zilianza tena kutembea kwenye kipande cha njia, katikati ya majivu. Kwangu mimi hiyo inapita mahekalu yote.

Na wenyeji wakimwuliza ametoka wapi, aseme Kongo, na awaeleze Shinkolobwe iko upande gani.

Mama aliniuliza kama tiketi ya huko ni ghali. Ndiyo mama, treni ile si ya bei ya chini. Aanze kuweka pesa kando sasa, hata akikosa hekalu moja au mawili ya Kyoto.