Bahari ya Malindi yaanzia mlangoni pako

Ukiwa Nairobi, Thika au Machakos, huenda bahari kwako ni jambo la likizo ya Desemba. Unashuka Pwani, unaoga, unakula samaki wa kupaka, unapiga picha, unarudi. Bahari yabaki kule na shughuli zake, nawe wabaki huku na zako.

Leo nataka kukuonyesha kwamba sivyo. Mvua iliyonyesha juu ya paa lako juma lililopita huenda hivi sasa iko njiani kwenda Malindi, nayo haikuondoka mikono mitupu.

MTO MMOJA, MAJINA MATATU

Tafuta ramani ya Kenya, uitandaze mezani na kuwaita watoto. Wekeni kidole Kikuyu, kwenye kinamasi cha Ondiri. Hapo ndipo unapoanzia Mto Nairobi. Ufuateni ukipita katikati ya jiji na kando ya Gikomba, ukipokea maji ya Mto Mathare na ya Mto Ngong, kisha ukiingia katika Mto Athi.

Athi nao wapita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na mlima Ol Donyo Sabuk, wageuka kuelekea kusini-mashariki na kuambaa na nyanda za juu za Yatta hadi ndani ya mbuga ya Tsavo. Ukishaungana na Mto Tsavo, huitwa Galana. Ukikaribia Pwani, wenyeji huuita Sabaki. Mwisho wake ni Bahari ya Hindi, kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi, kabla hujafika Mambrui.

Majina ni matatu, lakini maji ni yale yale. Eneo linalomwaga maji yake katika mto huu ni karibu kilomita 70,000 za mraba. Ndani yake mna jiji kuu la nchi, viwanda, mashamba ya kahawa, vilima vya Ukambani na nyika ya Tsavo. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, maji yaliyoingia nyumbani kwa watu Mathare na Mlolongo hayakutoweka yalipokauka barabarani. Yalishuka na mto huu.

MATOPE YANAPOFIKA BAHARINI

Mtu anayesimama kwenye daraja la Sabaki wakati wa mvua huona maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa juu, ule ule ambao mkulima wa bara huuhitaji ili mahindi na maharagwe yake yamee. Kila ndoo ya maji hayo ni kipande cha shamba la mtu kinachopita.

Yanapoingia baharini, matope hayo hufuata upepo na mikondo. Wakati wa kusi mkondo huelekea kaskazini, na sehemu kubwa ya udongo husukumwa upande wa Ghuba ya Ungwana. Kaskazi inapovuma, takriban kuanzia Novemba hadi Machi, matope hurudishwa kusini, yakaja mbele ya mji wa Malindi na kuufikia mwamba wa matumbawe. Ndiyo sababu mgeni anayefika Malindi akitarajia maji ya buluu aweza kukuta ya kahawia, ilhali mwenzake aliyekwenda Watamu, mwendo mfupi tu kusini, anaona chini hadi mchangani. Nao ufuo wa ghuba ya Malindi umepanuka kwa mchanga na udongo ulioletwa na mto.

Sasa, tumbawe ni nini hata likaogopa matope? Wengi hudhani ni jiwe. La, ni mnyama. Ni vijidudu laini vidogo mno vinavyoishi kwa maelfu pamoja, na kila kimoja hujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi viumbe vidogo, mfano wa mimea midogo sana, ambavyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Maji yakichafuka mwanga hupungua, na chakula hupungua. Udongo ukiwafunika, hulazimika kutumia nguvu zao kujisafisha badala ya kukua. Na mtoto wa tumbawe anayetafuta mahali pa kushika hawezi kushika juu ya tope.

Mwamba ukidhoofika, anayedhoofika pamoja nao ni changu, pono, tafi na pweza, na hatimaye mvuvi na mama karanga anayemngojea ufuoni.

SHAHIDI ALIYEANDIKA KILA KITU

Huenda utasema: "Lakini mito imebeba udongo tangu dunia iumbwe!" Ni kweli. Basi tumwite shahidi aliyekuwapo.

Baadhi ya matumbawe hukua polepole, kama sentimita moja kwa mwaka, yakajenga tabaka juu ya tabaka kama duara za ndani ya gogo la mti. Tumbawe kubwa la namna hiyo laweza kuishi mamia ya miaka. Wanasayansi hulitoboa kwa uangalifu, wakachomoa mche mwembamba wa chokaa na kuusoma mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2000, watafiti, miongoni mwao Mkenya Nyawira Muthiga, walichapisha habari za tumbawe la Malindi lililohifadhi kumbukumbu za joto la bahari kwa miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994.

Mwaka 2007 kundi jingine, likiongozwa na Dominik Fleitmann, lilitoa matokeo ya tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu za miaka 300. Hawa walitafuta bariamu, madini yanayosafiri yamenata kwenye chembe za udongo. Udongo ukifika kwenye maji ya chumvi, bariamu huachiliwa, na tumbawe huiingiza katika chokaa yake. Bariamu nyingi maana yake ni udongo mwingi.

Tumbawe lilisema nini? Kuanzia mwaka 1700 hadi 1900, udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu kiasi kile kile. Tangu 1900 ukaanza kupanda, na ukazidi kupanda. Kilele kilikuwa kati ya 1974 na 1980, baada ya ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya sabini. Watafiti walitaja sababu: watu kuongezeka haraka, misitu kukatwa, na ardhi kutumiwa pasipo utaratibu. Ukame huacha ardhi uchi, na mvua inayofuata huikuta haina nguo.

Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Tumbawe halina chama wala kabila, nalo limetoa ushahidi.

MZIGO UMEBEBWA NA NANI?

Hapa ndipo penye uchungu, msomaji wangu. Mwaka 1968 serikali ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ile ya Malindi ni kilomita za mraba 6 na ushei. Ndani yake hairuhusiwi kuvua kabisa, hata kwa ndoana. Mvuvi ambaye babu yake alivua hapo aliambiwa asogee, akasogea. Mwaka 2001 juya, ule wavu wa kukokotwa unaozoa wakubwa na wachanga, ulipigwa marufuku nchini. Mvuvi akikutwa nao hushtakiwa.

Kulinda huko kuna faida, nami sikupingi ukisema hivyo. Huko Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao katika miaka ya 2000, wakaiita tengefu, na samaki wakarudi. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini hifadhi ya bahari haina ukuta, na askari wa wanyamapori hawezi kulikamata tope. Mvuvi ana sheria kumi juu yake, ilhali anayelima hadi ukingoni mwa mto, anayechimba mchanga usiku kwa ajili ya majumba ya Nairobi, na anayemwaga kifusi mtaroni, hawajui hata kwamba wana jambo na Malindi. Si haki mtu wa mwisho kwenye mto abebeshwe mzigo wote wa kutunza bahari. Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Wa kwetu ni hao walio mwisho wa mto.

Mataifa yameliona jambo hili. Nchi kumi za magharibi mwa Bahari ya Hindi, kutoka Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, zimeunganishwa na Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kulinda bahari yao. Mwaka 2010, hapo hapo Nairobi, ziliongeza itifaki maalumu juu ya uchafu na uharibifu utokao nchi kavu. Itifaki ni karatasi njema, ila haishiki jembe.

JEMBE LA MACHAKOS

Walioshika jembe wapo, nao ni Wakenya. Katika miaka ya thelathini, wakuu wa kikoloni waliandika kwamba Machakos ni nchi iliyokwisha, imebaki mawe na makorongo. Dawa yao ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa lazima. Mwaka 1938 Wakamba walikataa, wakaenda Nairobi na kukaa huko majuma kadhaa wakimdai gavana awasikilize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Ndiye mwenye jina la ile barabara unayopita ukienda Soko la Jiji.

Miongo iliyofuata, watu hao hao walifanya kwa hiari kile ambacho hawakukubali kwa kulazimishwa. Kwa vikundi vyao vya mwethya, ambamo akina mama walikuwa wengi, walichimba matuta vilimani. Matuta yenyewe wataalamu wa dunia nzima huyaita kwa Kiswahili: "fanya juu". Unachimba mtaro kukata mteremko, unatupa udongo upande wa juu, unapanda nyasi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuonyesha kwamba kati ya miaka ya thelathini na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi yao ikawa katika hali bora kuliko awali.

Kila tuta lililochimbwa pale ni udongo uliobaki shambani, na ni tope ambalo halikufika Malindi. Mkulima alijifaidi mwenyewe, na mvuvi asiyemjua akafaidika. Tatizo ni kwamba vilima visivyo na matuta bado ni vingi, na mwamba umepata adui wa pili. Mwaka 1998 joto la bahari lilipauisha na kuua matumbawe mengi katika Pwani yetu, na joto hilo limerudi tena 2016 na 2024. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kuwa mwamba wa Malindi uliweza kuvumilia matope kwa kubadilisha aina za matumbawe yake. Lakini mgonjwa anayestahimili homa moja, usimwongezee ya pili. Joto la dunia hatuliwezi peke yetu. Udongo tunauweza.

JARIBIO LA LEO

Chukueni chupa mbili kubwa za plastiki, mzikate kwa urefu ziwe kama mitumbwi, na kuzijaza udongo. Moja ifunikeni kwa nyasi na majani makavu, nyingine iacheni wazi. Ziinamisheni kidogo, mmwagie kila moja kikombe cha maji polepole, na kukinga yanayotoka kwa bilauri. Kisha mulikeni tochi nyuma ya kila bilauri. Ile ambayo mwanga unapita ni bahari ambayo tumbawe laweza kuishi. Ile nyingine mtaijua wenyewe.

Halafu tokeni nje mtazame. Je, kuna lundo la mchanga wa fundi karibu na mtaro, likingoja mvua? Lifunikeni au lisogezeni. Uwanja ulio uchi pandeni nyasi. Mzee akisema mwakani atakarabati matuta ya shamba la nyumbani, mkumbusheni kwamba masika haimngojei mtu. Na unapojenga, muulize anayekuletea mchanga ameutoa mto gani na kwa kibali cha nani. Makueni ilipitisha sheria ya mchanga mwaka 2015, kwa hivyo hilo si swali la utovu wa adabu.

Desemba ikifika na ukashuka Malindi, ukayakuta maji ni ya kahawia, usimuulize mwenye hoteli ni nani aliyeyachafua. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.