Risasi za wawindaji wageni zihesabiwe mbele yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nitoe maoni yangu kuhusu silaha zinazoingizwa nchini na wageni wanaokuja kuwinda.

Sisi wa Manyoni na Itigi tunapakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Kila Julai msimu unapofunguliwa, wapo wananchi wanaolalamika kwamba wageni huingia na bunduki wapendavyo. Hiyo si kweli. Mgeni anayetua Kilimanjaro au Dar es Salaam na bunduki hutakiwa kuionyesha kwa polisi na forodha, na namba yake na idadi ya risasi huandikwa katika kibali cha muda. Bastola na bunduki za rashasha haziruhusiwi kuwindia. Akimaliza safari yake, bunduki hurudi naye kwao. Utaratibu huo naukubali.

Linalonisumbua ni risasi. Bunduki ni moja na ina namba yake. Risasi ni nyingi, hazina namba moja moja. Mgeni akiingia na sitini akapiga ishirini, arobaini lazima zirudi. Zikipungua, aulizwe nani? Risasi ya kuulia nyati ikisahauliwa porini haiozi, humngoja jangili, au mtoto.

Na mtoto amekwisha kuiokota. Mwaka juzi mwanafunzi wa darasa la tatu, mchunga mbuzi, alikuja shuleni na risasi nzima mfukoni, nene kama kidole. Nilimkuta nyuma ya choo akiigonga kwa jiwe. Niliipeleka polisi mwenyewe. Haikuwa ya magobore ya wazee wetu, maana hayo hushindiliwa baruti na gololi. Sisemi ilikuwa ya mgeni, kwani majangili nao wanazo. Lakini sisi wa kijijini hatuonyeshwi hesabu yoyote, basi tutamsafishaje mgeni?

Wengine watasema uwindaji upigwe marufuku. Serikali yetu iliufunga mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Wenzetu wa Kenya walifunga 1977 na hadi leo hawajafungua. Mimi siungi mkono kufunga, kwa sababu fedha za vitalu tunazihitaji. Lakini mzee wa hapa mwenye gobore moja bila kibali hukamatwa mara moja, na ni haki akamatwe. Basi na risasi za mgeni zifuatiliwe kwa ukali huo huo.

Nashauri kila kambi inapofungwa, mwindaji bingwa, ofisa wa TAWA na mtendaji wa kijiji wakae pamoja, wahesabu risasi zilizobaki na maganda, walinganishe na kibali, wote watatu watie sahihi, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Ni kazi ya nusu saa tu. Naomba TAWA na polisi wa mkoa wetu watujibu katika ukurasa huu kabla ya Julai.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Manyoni, Singida.