Jua la Pangani Lipimwe Papo Hapo

Kwamba Pangani ina jua tele, hakuna anayebisha. Lakini fundi anayefunga sola Kipumbwi au Mkwaja anahitaji kujua zaidi: tele kiasi gani, na mwezi gani? Nje ya angahewa, kila mita ya mraba inayolikabili jua hupokea wati 1,361 hivi. Adhuhuri ya anga safi hufika ardhini kama 1,000. Zilizobaki huliwa njiani na mvuke, vumbi, moshi na chembe za chumvi ya bahari, na wingu likitanda hasara huzidi mno. Pangani jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba. Kwa hesabu ya pembe peke yake, Machi na Aprili ingekuwa miezi ya neema, kumbe ndiyo miezi ya masika. Anayenunua betri kwa hesabu hiyo atalala gizani.

Dawa yake ni piranomita: bapa jeusi chini ya kuba mbili za kioo, linalopata joto la jua na kuligeuza kuwa umeme kidogo unaosomwa kama wati. Wapo watakaosema setilaiti zinatosha, na ramani zake ni za bure. Ni kweli zinasaidia. Ila setilaiti huona mgongo wa wingu, kisha hukadiria kilichopenya. Ufukweni ukadiriaji huo ni mgumu zaidi, kwa kuwa kipande kimoja cha picha chaweza kuchanganya maji na nchi kavu, na upepo wa bahari huweza kujenga mawingu bara huku baharini kukiwa kweupe. Isitoshe, ramani hizo zenyewe husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Hata mwaka mmoja wa vipimo vizuri hunyoosha makadirio ya miaka mingi iliyopita. Na haja ya umeme wa jua ipo: mitambo ya umeme wa maji ya Nyumba ya Mungu, Hale na ule wa megawati 68 wa Maporomoko ya Pangani yote hunywa mto mmoja, na ukame ukija hupungukiwa pamoja.

Pingamizi lenye uzito ni la matunzo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, kifaa hakizimiki. Huendelea kutoa namba ndogo zinazofanana kabisa na za kweli, jambo baya kuliko kukosa namba. Pia lazima kilinganishwe mara kwa mara na vifaa vya rejea, mnyororo unaoishia Davos, Uswisi, ambako vipimio vya mataifa hukutanishwa kila baada ya miaka mitano. Kwa hiyo kifaa kisicho na mtunzaji kisinunuliwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisimamie, shule ya sekondari iliyo karibu na ufukwe ilipwe kukifuta kila asubuhi, na vipimo vitolewe hadharani kila siku bila malipo, vikiwa na tarehe ya mwisho kifaa kilipohakikiwa.