Kasongo na Kabambare: kabla ya kuhesabu kompyuta, tuhesabu kazi za wanafunzi zinazopotea

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaingia katika chumba cha kompyuta, anaandika jina na neno la siri, mashine inafunguka. Lakini biro ya mashine ni tupu. Sura tatu za TFC yake hazionekani. Kwenye kona, ujumbe mdogo wa Kifaransa unamwambia kwamba ameingia kwa profili ya muda. Hausomi. Ana saa mbili tu, kwa hiyo anaanza kuandika upya. Kesho yake anarudi, na hata yale ya jana hayapo.

Hapa kusini mwa Maniema tabu hiyo inaitwa “virusi”, au watu wanasema “mashine imekula kazi”. Mwanafunzi analaumiwa kwamba hajui kompyuta, kisha anatumwa akalipe tena kwenye nyumba za kuchapia maandishi. Mimi nasema lawama hiyo inaangukia mtu asiyestahili. Shule au chuo kinachotoza wazazi pesa ya informatiki kina deni la kulinda kazi inayoandikwa mle ndani, na deni hilo halihitaji mamilioni ili lilipwe.

Tuelewe kwanza profili ni nini. Katika Windows, kila akaunti ina folda yake ndani ya diski C, katika folda ya watumiaji. Humo mna biro, maandishi, picha, pamoja na faili moja iliyofichwa inayoshika mipangilio yote ya mtu huyo. Ukiingia, mashine inasoma faili hiyo. Ikishindwa kuisoma, inakukatalia kuingia au inakupa profili ya muda, kama mgeni anayepewa kitanda cha usiku mmoja. Unachoacha kwenye biro au katika maandishi ya profili hiyo kinafutwa pale unapotoka. Lakini, na hili wengi hawalijui, kazi zako za zamani mara nyingi bado zipo, zimelala katika folda yako ya kwanza.

Kwa nini inatokea sana kwetu? Sababu ya kwanza ni umeme. Kasongo na Kabambare hatuna umeme wa kudumu. Tunaishi kwa sola na jenereta. Esansi ikiisha katikati ya somo, kompyuta za mezani zinazimika zote kwa mara moja, wakati zinaandika mipangilio kwenye diski. Faili inaharibika hapo hapo. Sababu ya pili ni diski iliyojaa: akaunti za wanafunzi waliomaliza zamani, filamu, nyimbo. Ya tatu ni diski yenyewe kuzeeka, kwani mashine nyingi zinatufikia zikiwa zimeshatumika kwingine.

Basi likitokea, tufanye nini? Kwanza, usiandike kitu. Toka, zima mashine vizuri, washa tena. Mara nyingine antivirusi ilikuwa imeshika ile faili tu, na kuwasha upya kunatosha. Ikikataa, mchungaji wa chumba aingie kwa akaunti ya msimamizi, afungue folda ya watumiaji, atafute folda yenye jina la akaunti ile, anakili maandishi yote kwenye diski ya nje. Ndipo aangalie kama diski imejaa au ina ugonjwa. Halafu atengeneze akaunti mpya na kurudisha maandishi peke yake, bila zile faili zilizofichwa, maana ugonjwa unaweza kuwa umo humo. Kazi hiyo yote haihitaji intaneti.

Kinyume chake ndicho tunachokiona mara nyingi: mashine ikisumbua, inaformatiwa. Baada ya nusu saa inafanya kazi kama mpya, kila mtu anashukuru, na kazi za promosheni nzima zimekwenda. Wengine wanafuta folda ya mtumiaji kwa mkono wakidhani wamesafisha. Lakini Windows bado inamkumbuka mtumiaji huyo katika rejista yake, na akiingia tena anaweza kupewa tena profili ya muda. Profili inafutwa kupitia mipangilio ya mfumo, kwa akaunti ya msimamizi, na baada ya kunakili.

Najua jibu la wakuu wa shule: “Tuna mashine chache na wanafunzi wengi, hatuwezi kumpa kila mmoja akaunti yake.” Wana haki kwa upande mmoja. Bila seva, kuweka akaunti ya kila mtu kwenye kila mashine ni kazi nzito, na diski itajaa. Lakini jibu la sasa, yaani akaunti moja ya watu wote, tena yenye mamlaka ya msimamizi, ndilo baya kuliko yote. Profili hiyo moja ikiharibika, wote wanaumia. Na yeyote anaweza kufuta kazi ya mwenzake, kwa bahati mbaya au kwa wivu.

Kuna njia ya katikati. Kila promosheni iwe na akaunti yake isiyo na mamlaka. Akaunti ya msimamizi ibaki kwa watu wawili, siyo mmoja, ili mmoja akisafiri kwenda Kindu chumba kisifungwe. Kazi zisiwekwe kwenye biro bali kwenye sehemu nyingine ya diski, na kila mwanafunzi aondoke na nakala kwenye fleshi yake. Dakika 10 kabla ya jenereta kuzimwa, kengele ipigwe, watu wahifadhi na kutoka. Kengele haina bei.

Tusisahau upande wa siri za watu. Barua, picha na alama za mtihani zinabaki wazi katika akaunti ya wote. Nchi yetu ina Kodi ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inazungumza juu ya kulinda habari za mtu binafsi. Isibaki Kinshasa tu. Msichana anayeandika barua ya kuomba kazi Kabambare naye ana haki isisomwe na kila anayekaa nyuma yake.

Kila wakati mwanasiasa au mfadhili anapoleta kompyuta, tunapiga makofi na kupiga picha. Ningeomba kamati za wazazi, COPA, ziulize maswali matatu siku hiyo hiyo: nani atachunga chumba na amefundishwa wapi? Ondulere au betri ziko wapi? Nakala za kazi za watoto zitawekwa wapi? Ikiwa pesa inatosha mashine 10, afadhali tununue nane na ondulere. Mzazi aliyeuza mpunga wake ili mtoto aandike TFC hakulipia mashine. Alilipia kazi ile imalizike na ifike mbele ya jopo.